Cheche Chini ya Kanga

Mwaka wa kwanza wa ndoa yetu, mume wangu alikuwa fundi wa matrekta Nachingwea, nami nilikuwa bado namwonea haya. Siku moja tulikuwa tukienda kwa mama yangu kijijini Nkowe, pikipiki yake kuukuu ikazimika njiani, jua likiwa la utosi. Akafungua plagi, akaichomeka kwenye waya wake na kuilaza juu ya injini, aone kama inatoa cheche. Alipopiga kiki hakuona kitu.

"Jua kali mno," alisema. "Mke wangu, niazime kanga."

Tukajifunika vichwa pamoja na injini. Akasukuma kiki kwa mkono. Giza tupu. Akaweka plagi nyingine, bado. Basi akafungua platini, vile vyuma viwili vidogo vinavyogusana na kuachana, akavikuta vyeusi, akavisugua kwa msasa. Tukajifunika tena. Safari hii cheche ya buluu ikaruka, nikauona uso wake karibu kabisa na wangu, umejaa furaha.

"Umeiona?"

"Sukuma tena," nikamwambia, ingawa nilikuwa nimeshaiona.

Akasukuma mara tatu zaidi, bila haraka, ndipo akarudisha plagi mahali pake na pikipiki ikawaka.