Mbuzi wa Yakubu Hakohoi

Mtaa mzima wa Skuta ulijua kwamba Yakubu mwuza nyama hajawahi kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Kila mwezi alikwenda soko la mifugo la Doldol kununua, na wachuuzi wa kule walipomwona akiteremka kwenye lori walianza kuwaficha wanyama wao wagonjwa nyuma ya wazima. Kazi bure. Yakubu hakutazama tumbo. Tumbo, alisema, linadanganya: mpe mbuzi magadi alambe, mnyweshe maji, baada ya saa moja amenona. Yeye alipitisha vidole kwenye uti wa mgongo, akaminya paja, akafunua ufizi, kisha akasimama kando, mikono nyuma, akimsikiliza mnyama akipumua. Akikohoa mara moja tu, Yakubu ameshahamia kwa mwingine. "Mbuzi wa Yakubu hakohoi," aliwaambia wateja wake huku akikata nyama juu ya gogo, nao walinunua.

Tatizo ni kwamba jicho lile hakuliacha buchani. Alirudi nalo nyumbani jioni, akalitumia kwenye sukari iliyopungua, akalitumia kwenye mlango uliofungwa vizuri kupita kawaida, na tangu mwanzo wa mwaka ule wa sabini na tisa alilitumia kwa mkewe Zabibu.

Walikuwa wameoana miaka mitatu, bila mtoto. Zabibu aliingia nyumba ile akiwa mwembamba, mtu wa maneno machache. Sasa alikuwa amenenepa, na majirani walimpongeza Yakubu kwamba mke wa mwuza nyama lazima aonekane. Yakubu alicheka nao lakini hakupendezwa. Uso wa mkewe ulikuwa mviringo, mashavu yamejaa hadi macho yamekuwa madogo, na tumbo limetoka mbele. Mikono na miguu, hata hivyo, ilikuwa myembamba kuliko zamani, na ukimshika kidogo tu ngozi ilibaki na doa jeusi. Tangu lini mnyama akanona mashavu akakonda mapaja? Huyu mwanamke amelambishwa kitu, Yakubu alijisemea. Akaona aibu kuwaza hivyo juu ya mkewe, kisha akaendelea kuwaza.

Aliyempa jina la kitu chenyewe ni Theuri, fundi viatu mwenye kibanda kando ya bucha.

"Mimi sisemi kitu," alisema Theuri, na alipoanza hivyo ujue atasema mengi. "Lakini bibi ya ndugu yangu alifura hivyo hivyo. Uso kama chapati! Kumbe ako na tembe ya kliniki, ile ya kufunga watoto. Ati anameza moja kila asubuhi, hawezi ruka hata siku moja. Na bwana yake hajui."

Yakubu alimwambia aache umbea ashone viatu. Lakini kesho yake asubuhi alijifanya anatafuta ndara zake karibu na mlango wa jikoni, akachungulia. Zabibu alikula kipande cha mkate, akageuka kutazama nyuma, akatumbukiza mkono ndani ya kopo la njahi, yale maharagwe meusi. Akatoa kichupa. Akameza vidonge viwili vyeupe kwa chai, akakirudisha kichupa na kukifukia. Theuri alisema kimoja, Yakubu aliwaza. Huyu wangu anameza viwili. Amekusudia haswa.

Inauma kusimulia, maana ukweli ulikuwa umbali wa swali moja tu. Vidonge vile havikuwa na uhusiano wowote na uzazi. Zabibu alikuwa na pumu tangu utotoni, na mwaka uliopita ilimbana vibaya hata akafikishwa hospitali mara mbili midomo imegeuka rangi, mara zote mbili Yakubu akiwa Doldol. Ndipo alipoanzishwa vidonge vile vyeupe, na nesi wa kliniki ya kifua, Wangechi, akaketi naye kwenye benchi akamfundisha kama anayemfundisha mwanawe.

"Meza asubuhi, na ukiwa umekula, tumbo isikae bure. Punguza chumvi. Ukipata homa, ama kidonda inakataa kupona, ama choo iwe nyeusi, usingoje siku ya kliniki, kuja. Uso itafura, usishtuke, ni dawa. Na usimpatie mtu mwingine hata kama anakulilia." Kisha akamshika mkono. "Lakini kubwa ni hii. Usiache ghafla. Mwili yako imezoea kuletewa hii kitu kutoka nje, imeacha kujitengenezea. Ukikata siku mbili, tatu, unaanguka. Siku ya kupunguza tutapunguza sisi, pole pole."

Alimpa pia kadi ya buluu iliyoandikwa dawa na kipimo chake, asiachane nayo hata akienda bombani kuteka maji. Na akamwomba amlete mumewe siku moja, naye asikie. Zabibu alishika yote, isipokuwa hilo la mwisho. Kadi aliifunga kwenye pindo la leso yake, na kila Wangechi alipomwuliza mumewe yuko wapi, alijibu kwamba amesafiri.

Siku ya Alhamisi, Zabibu akiwa bombani, Yakubu alikifukua kichupa akakitia mfuko wa ndani wa koti. Hakukitupa. Alikitaka kiwe ushahidi. Hesabu yake ilikuwa rahisi: kama ni dawa ya halali, mke atamwuliza mumewe kama ameiona. Asipouliza, basi mambo yamejionyesha yenyewe.

Ijumaa asubuhi Zabibu alimwaga njahi zote kwenye ungo akajifanya anachagua mawe. Akazichagua mara mbili. Akapekua chini ya kitanda, nyuma ya mtungi, ndani ya viatu. Yakubu alikuwa ameketi na chai yake, koti mwilini, akimtazama. Mara moja Zabibu aligeuka, akafungua mdomo, na Yakubu akaweka kikombe chini.

"Nikuongeze chai?" Zabibu aliuliza.

Jumamosi alimwendea jirani yake Chiku, aliyekuwa ameazima njahi katikati ya wiki. Yakubu aliwasikia kupitia dirishani. "Ulipochota, hukukuta kitu mle ndani?" "Kitu gani?" "Kitu changu." "Zabibu, unaniita mwizi?" Walirushiana maneno hadi Chiku akabamiza mlango. Neno moja la Yakubu lingemaliza ugomvi ule, na Yakubu alilijua neno hilo. Alikaa nalo. Kumbe anaona ni heri kuvunja ujirani kuliko kuniambia mimi, aliwaza, na hasira yake ikapata nguvu mpya.

Jumapili Zabibu hakumaliza uji. Alishika ukuta alipoinuka, na alikohoa, kikohozi kikavu cha kujizuia, uso ameuelekeza kwenye jiko.

"Una nini?" Yakubu aliuliza.

"Moshi tu, mume wangu. Makaa haya mabichi."

Alimtazama muda mrefu, akimpa nafasi. Kisha akachukua fimbo yake akaenda Doldol.

Kule sokoni mambo hayakumwendea. Aliinama juu ya beberu mwekundu, akasikiliza pumzi yake, na alichosikia ni kikohozi cha jikoni. Akasikiliza tena, vilevile. Wachuuzi walishangaa kumwona akiondoka bila kununua.

Alipofika Skuta Jumatatu alasiri alikuta kufuli mlangoni. Theuri alimjia mbio, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utangulizi. Zabibu alianguka bombani asubuhi, akatapika, akawa haitiki akiitwa. Aliyemnyanyua ni Chiku, yuleyule waliyekuwa hawasemezani. Katika kutafuta nauli ya teksi Chiku alifungua pindo la leso, akakuta kadi ya buluu, akaipeleka pamoja na mgonjwa.

Wodini, Zabibu alikuwa amelala macho yamefumbwa, mpira wa dripu mkononi. Wangechi alikuwa amesimama upande wa miguuni.

"Wewe ndiye Yakubu. Ile bwana ya kusafiri kila siku."

"Ndiye mimi. Atapona?"

"Sasa amerudi. Ile kadi ndiyo imemwokoa, daktari alisoma akajua sindano ya kumdunga. Lakini iko kitu inanisumbua, Bwana Yakubu." Alimkagua kuanzia viatu hadi kofia, na Yakubu, aliyezoea kukagua, akajua maana ya jicho lile. "Huyu mama miezi saba hajakosa dawa hata siku moja. Nani amemkatizia?"

"Kwanza niambie hizo tembe ni za nini. Za kufunga uzazi?"

"Za uzazi!" Wangechi alishika kichwa. "Ni za pumu! Bila hizo hawezi vuta hewa. Na ukishazitumia muda mrefu, ukikatiziwa, mwili inazimika. Nani alikwambia ya uzazi?"

Yakubu aliingiza mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti, akatoa kichupa, akakiweka juu ya kabati la kitandani. Vidonge viligonga kioo.

Wangechi alikitazama kichupa, akamtazama yeye. "Siku nne," alisema. "Ulikuwa unangoja nini?"

"Nilikuwa nangoja aniulize."

Zabibu alikuwa amefumbua macho. Hakuna aliyejua tangu lini.

"Kwa hiyo si Chiku," alisema kwa sauti ndogo.

"Si Chiku."

"Nami nimemvunjia heshima bure."

Yakubu alipiga magoti kando ya kitanda. Aliona haya, na haya ile ikatoka na ukali, ndiyo tabia yake. "Lakini kwa nini hukuniambia, Zabibu? Miaka mitatu! Mtu mwenye pumu kwani ana kosa gani? Mimi nilikuwa nani kwako?"

Ilimchukua Zabibu muda kukusanya pumzi ya kutosha kujibu.

"Wiki ya kwanza ya ndoa yetu ulirudi na mbuzi kumi na wawili. Mmoja alikuwa jike mzuri, mwenye baka jeupe shingoni. Alikohoa pale uani. Ulikuwa umechoka, hujala, lakini hukumlaza hata siku moja. Ulipanda naye lori tena ukamrudisha Doldol kwa mwenyewe. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nimejiziba mdomo kwa leso. Tangu siku ile sijakohoa mbele yako nikiweza kujizuia."

Yakubu alimkumbuka mbuzi yule. Alikuwa akimsimulia buchani kwa majivuno mara nyingi.

Wangechi alivuta kiti. "Kaa hapa, Bwana Yakubu. Leo nitakufunza yote, na utarudia mbele yangu." Lakini kabla hajaanza, kifua cha Zabibu kilipanda. Kikohozi kilikuwa kinamjia. Mkono wake usio na dripu ulienda mbio mdomoni, na macho yakamtazama mumewe kwanza.

Yakubu aliushika ule mkono akauteremsha taratibu.

"Kohoa," alimwambia. "Kohoa tu, mama. Kohoa."