Hapana Khabari

Wajukuu zangu wa Al Khoudh, hapa Maskati, hunicheka kwamba simu ikilia, kabla sijaitikia salamu, nishauliza: "Kuna nini?" Ni kweli. Nilizaliwa sina subira, na uzee haujanipunguzia kitu. Lakini mtu akija kwangu mlangoni kwa miguu yake, simuulizi lolote mpaka akae, ale, anywe. Wao wanadhani ni heshima za kikale. Ni adabu niliyofunzwa Matrah, mji wa bandari wa Oman, nikiwa na miaka ishirini, na nilifunzwa kwa kumuumiza mama yangu.

Tulifika Maskati mwaka wa mapinduzi, mimi na mama, na sanduku la bati na cherehani ya mkono. Baba alibaki Unguja. Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa hoi kitandani, hawezi kuinuka sembuse kupanda meli. Mama alitaka abaki yeye. Baba akakataa, akasema nchi ilivyo sasa ni afadhali wanawake watangulie, na bibi atamwangalia yeye kama mamake mwenyewe. Alimwapia mama pale pale bandarini kwamba hatamwacha bibi maadamu yu hai. Akipata nguvu watakuja wote wawili.

Basi tukangoja. Mwaka ukapita bila barua. Kila akitokea mtu aliyetoka upande wa Unguja au Mombasa, mama alimtafuta amuulize, na kila mtu alikuwa hajui.

Babu yangu alizaliwa huku huku Oman, milimani, na tulipokuja tulijiona tunarudi kwetu. Matrah haikutujua hata kidogo. Kanga zetu zilitazamwa, kicheko chetu kilitazamwa. Mama alipomsifu mtoto wa jirani kwamba amenona, mtoto akachukuliwa mbio kufukizwa ubani asipatwe na kijicho. Nasi tuliwaona wao watu wa ajabu. Wanasalimiana mpaka unasahau walichokutana kwa ajili yake, na nilikuwa nikiwaiga nyuma ya mlango, mama akinifinya ninyamaze. Tulipanga vyumba viwili vya juu kwa mjane mmoja, mwanamke mrefu, mkavu, ambaye hajapata kutoka Matrah maisha yake yote. Tukimwita Khalti, yaani mama mdogo. Sikuwa nikimpenda sana wakati ule. Nilimwona mpole kupita kiasi, kila kitu kwake ni polepole.

Siku yenyewe ilikuwa baada ya sala ya alasiri. Mama alikuwa amekwenda nyumba ya tatu kupeleka nguo alizoshona. Mlango ukabishwa, nikashuka. Nje amesimama mtu wa makamo, kanzu imefifia kwa vumbi la safari, kifurushi begani. Akasalimu kwa Kiarabu huku ametazama chini, akauliza kama hii ndiyo nyumba ya jamaa waliotoka Unguja, akamtaja baba kwa jina lake na la babake. Nikasema mimi ndiye binti yake. Akaniambia ameshuka asubuhi ile kutoka meli ya Mombasa, na kabla ya Mombasa alikuwa Unguja.

Sikumwacha hata avute pumzi. Nikamuuliza: "Khabari?"

"Hapana khabari," akasema. "Kheri tu."

Kiarabu changu kilikuwa cha kubahatisha, lakini maneno haya hata mtoto anayajua. Niliyaelewa barabara, na hilo ndilo lililoniponza. Kwetu Unguja mtu ukimuuliza habari atasema njema, hata kama nyumba yake inaungua, kisha pale pale mlangoni huja ile "ila". Njema, ila mtoto ana homa. Njema, ila mzee ametutoka. Sote tunaijua, na aliyeuliza husimama kuingoja. Nami nikasimama kuingoja. Haikuja. Yule mtu akawa anatazama kizingiti.

Nikamuuliza tena, sauti juu kidogo: hakuna habari yoyote? Akajibu kwa utulivu ule ule kwamba hapana khabari, alhamdulillah, na yeye akaniuliza habari zetu. Nikamwambia sisi wazima. Nikamshukuru kwa kupita, nikamwambia karibu siku nyingine, kama tunavyomwambia mtu kwetu kwa uungwana. Alisimama kidogo kama aliyesahau kitu. Kisha akaweka mkono kifuani, akaenda zake.

Nilifunga mlango kwa kishindo, nikakaa kwenye ngazi nalia kwa hasira. Mtu gani huyu, nilisema peke yangu, anatoka Unguja mpaka hapa, anatafuta nyumba, anabisha, ili aje aseme hana la kusema?

Khalti akatokea uani na ungo wa mchele mkononi. Nikamweleza, naye akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama mgeni alikaa. Nikasema hakukaa. Alikula tende? Sikumpa. Kahawa? Nikamwambia, kwa kiburi cha ujinga, kahawa ya nini, na mtu mwenyewe hana habari?

Aliuweka ungo chini taratibu.

"Mwanangu," akasema, "umemfukuza mtu na khabari yake mdomoni."

Hapo ndipo nilipojua. Kwao mgeni akiulizwa habari mlangoni hujibu hapana, ziwe nzuri ziwe mbaya, ziwe nyingi namna gani. Hukaribishwa akae. Huletewa tende, humiminiwa kahawa, na katikati ya hayo huulizwa tena na hujibu vile vile. Akitosheka huitikisa finjani yake tupu kwa mkono, na aliyeshika dele la kahawa hammiminii tena. Ni baada ya finjani kutikiswa ndipo anaposema alilokujia. Matrah nzima, Oman nzima, hapakuwa na mtu asiyejua hivyo, isipokuwa mimi na mama.

Na mama ndiyo kwanza anaingia, amekunja kitambaa alichofungia nguo. Ilinibidi nimwambie mimi mwenyewe. Laiti angenipiga. Aliuliza swali moja tu, ameelekea wapi, na mimi sikujua.

Khalti alijua. Mtu wa bara, wa vijiji vya ndani ya Oman, aliyeshuka melini asubuhi hatalala Matrah kama anaweza kufuatana na wenzake, na wanaokwenda bara hupakia nje ya lango la mji, huondoka jua likipoa. Nikavuta shela nitoke mbio. Akanishika mkono. Alikuwa ameshapuliza makaa. Nikamwambia hakuna wakati wa kupika kahawa, mtu anaondoka. Akanijibu kwamba nikimkuta mikono mitupu ataniambia hapana khabari, kama alivyoniambia. Basi tukasimama, mama na mimi, tukaitazama kahawa ichemke. Sijapata kuona maji mazito kuchemka kama yale.

Tukatoka, Khalti mbele na dele, mama na sahani ya tende, mimi na mkeka chini ya kwapa. Nje ya lango ngamia wengine walikuwa wameshainuka. Nilimwona mgeni wetu kabla ya wenzangu, amepiga magoti anakaza kamba ya mzigo, nikataka kupiga kelele. Khalti akanitazama, nikafunga mdomo.

Khalti aliutandika mkeka pale pale kwenye changarawe, kando ya ngamia wa mgeni, akamsalimu, akamwomba radhi kwamba nyumba haikuwa na mkubwa alipokuja. Yule mtu aliiacha kamba, akanawa mikono kwa maji ya kiriba, akakaa. Mama akakaa upande wa pili karibu na Khalti, ushungi umemfunika mpaka kwenye nyusi.

Khalti akamwashiria mama kwa macho aulize, na mama akauliza: "Khabari?"

"Hapana khabari."

"Alhamdulillah," akasema mama.

Tende. Mgeni akala tatu, akazitupa kokwa pembeni moja moja. Wenzake walikuwa wakimwita, akawaashiria kwa mkono wasubiri, nao wakasubiri. Msafara mzima, watu na wanyama, ulisimama kwenye jua kwa ajili ya finjani ya kahawa, na sikumsikia hata mmoja akilalamika. Khalti akamimina. Mama akauliza tena, akajibiwa tena. Nilimtazama mama yangu, mwanamke ambaye Unguja akisikia hodi hujibu yu tayari ukumbini, sasa amekaa wima, mikono imelala mapajani, anaitikia alhamdulillah kwa sauti isiyotikisika. Nilikuwa nikimwogopa na kumstahi kwa wakati mmoja. Sikujua kwamba ana nguvu hizo, na nadhani yeye mwenyewe hakujua.

Finjani ya tatu mgeni akaitikisa.

"Mumeo mzima," akasema. "Mama yako yu hai. Nilikula kwao."

Kisha akafungua kifurushi akatoa barua ya baba, na yaliyobaki akayasema kwa mpango, bila kurudia. Bibi bado hawezi kuinuka. Baba anamlisha kwa mkono wake, anamgeuza kitandani, na majirani wamezoea kumwona mwanamume anafua mashuka. Amepata nafasi ya kusafiri mara mbili, mara mbili ameiacha. Anasema alivyoapa ameapa.

Mama alilia hapo, na Khalti alikuwa tayari karibu naye kumshika. Nami nilimuuliza yule mtu kwa nini hakunipa barua tu mlangoni. Akaona haya. Akasema alifikiri sisi tunajua habari za huko zilivyo nzito siku zile, na kwamba binti alipomwambia aje siku nyingine, alielewa kuwa leo moyo hauko tayari kusikia. Alikuwa amekusudia kurudi atakaposhuka tena sokoni, miezi mitatu minne mbele. Alifikiri amenifanyia hisani! Mimi nimemwona hana maana, yeye kaniona muungwana kuliko nilivyo.

Njiani kurudi nilimuuliza Khalti, bado na ukaidi wangu, kwa nini watu wanateseka hivyo kama jambo lenyewe ni kusema tu.

"Mtu akiambiwa amesimama," akasema, "ataangukia wapi?"

Nimeishi na swali hilo miaka yote. Ningeweza kuwaona watu wale washamba, na mwaka wangu wa kwanza niliwaona hivyo, Mungu anisamehe. Siku ile niliona kwamba wamekaa wakafikiri, hapo zamani, ni wapi hasa mwanadamu huumia, wakamwekea mkeka mahali penyewe.

Toka hapo dua ya mama ilibadilika. Nilimsikia akiomba. Zamani aliomba baba aje. Sasa akianza kuomba hivyo anasita, kwa sababu baba hatakuja ila siku bibi hayupo. Basi akawa anaomba kheri tu, hataji kitu. Miaka mitano alikuwa hivyo, anamtamani mumewe na anaogopa kumwona. Nilipokuwa na hasira nilimwona baba mkatili kwa kile kiapo, na nikipoa nilikuwa sijui mwanamume mwengine duniani ambaye angemfanyia hivyo mama wa mkewe.

Baba alikuja mwaka wa sabini, watu wetu walipoanza kumiminika. Hodi ilipigwa saa nne za asubuhi, kwa sauti, kwa Kiswahili. Nilishuka mimi tena. Alikuwa amekonda, kichwa chote cheupe, na mkononi ameshika fimbo ya bibi, aliyotembelea kabla hajaugua. Fimbo ile ya mpingo niliijua kabla sijaujua uso wake.

Alinikumbatia, na mdomo wake ukaanza pale pale, Kiunguja hasa, juu ya kizingiti. "Mwanangu, sisi wazima, ila bibi yako..."

"Baba yake." Mama alikuwa juu ya ngazi. Sijui alisimama pale tangu lini. "Sema hapana khabari."

Baba alimtazama asielewe. Miaka sita hawajaonana, na hilo ndilo neno la kwanza.

"Sema, nakuomba," akasema mama. "Hapana khabari."

"Hapana khabari," akasema baba.

"Alhamdulillah."

Akashuka akampokea fimbo, akaisimamisha ukutani bila kuitazama, akamkalisha. Mimi nilileta tende na kahawa. Khalti alichungulia kutoka uani, akamwona mwanamume, akaona fimbo, akaja akakaa karibu na mama, kama alivyokaa siku ile. Mama alikula tende. Akamuuliza baba habari, na baba, machozi yanamtoka, akajibu alivyofunzwa. Baba alipokunywa ya pili akairudisha finjani kwangu, maana hakujua mambo ya kutikisa. Nikaipokea. Ya mama nikaijaza.

Mama alikunywa ya tatu akaninyoshea mkono, nikammiminia. Ya nne. Ya tano. Mtu hanywi kahawa chungu namna ile. Nilielewa anachofanya: asipoitikisa finjani, habari haisemwi. Na mimi, ambaye maisha yangu yote sikuweza kungoja chai ipoe, nilimimina kidogo kidogo, nusu finjani, robo finjani, ili dele lisiishe. Nilikuwa tayari kumimina mpaka magharibi.

Ya saba mama alikaa nayo mkononi muda mrefu, tupu. Kisha akaitikisa, akanipa.

"Haya," akamwambia baba. "Niambie khabari ya mama yangu."