Siku ya Kupimwa Msaidizi

Jamani, asubuhi ile hata chai niliiacha mezani! Mtahini alikuwa anakuja kliniki yetu ya mgongo, ghorofani juu ya maduka ya mtaa. Nikipita, ningepewa cheti cha msaidizi wa tabibu. Nikianguka, ningerudishwa mapokezi kupokea simu. Sheria ilikuwa fupi: msaidizi amlaze mgonjwa, amkande kwa taulo la moto, amwonyeshe mazoezi. Kuzungusha shingo au kunyoosha uti wa mgongo, asithubutu.

Shida ilikuwa watu wetu. Eastlands ya Nairobi miaka hiyo ya tisini, ukivaa koti jeupe tu, tayari wewe ni daktari. Mama mboga aliniita daktari, kanisani waliniita daktari, na aliyewafundisha ni mama yangu mzazi. Nami nililipenda jina hilo mno. Siku hiyo mama alikuja na wenzake wa kanisani, wakajaza benchi la wagonjwa, eti wamenisindikiza. Kati yao nami palikuwa na pazia tu.

Mgonjwa wangu wa mtihani alikuwa mbeba mizigo wa soko la Gikomba, shingo imekakamaa kama mbao. Nilimlaza, nikamkanda kwa taulo la moto. Mtahini alisimama kando, akiandika.

"Sasa daktari," mbeba mizigo akapaza sauti, "si upinde tu hiyo shingo ilie, niende job? Isipolia bado hujanitibu."

"Hapana, kaka. Hiyo ni kazi ya daktari."

"Kwani wewe ni nani?"

Nyuma ya pazia akina mama wakasogea wasikie vizuri. Mtahini akainua macho. Nilimfikiria mama, uso ukaniwaka moto.

"Mimi ni msaidizi," nikasema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka. "Shingo yako siruhusiwi kuizungusha."

Mtahini akatabasamu, akanipa mkono. Nimepita! Nilitaka kuruka hadi darini. Nikalivuta pazia, nikawakuta wale akina mama wamemgeukia mama yangu.

"Kumbe si daktari?" mmoja akauliza.

Mama akainuka, akajifunga leso upya kiunoni.

"Ni msaidizi," akasema, "na amepimwa mkisikia kwa masikio yenu. Haya, yule mkandaji wenu wa mtaa wa Majengo anayewapinda shingo kila Jumamosi, alipimwa na nani?"