Kona Iliyowaka Nyekundu

Yule mama mkuu wa maabara pale Pretoria hakuwatazama usoni waombaji wa kazi ya utafiti. Alitazama kompyuta zao, huku akichovya biskuti ngumu kwenye chai na kuitoa kabla haijalegea. Tshiamo alimwonyesha kwenye skrini mchoro wa chuma cha daraja, aliougawa vipande vidogo ili kompyuta ipige hesabu ya mzigo unaokielemea kila kipande. Kona moja iliwaka nyekundu, ishara kwamba hapo ndipo chuma kitakapokatikia.

“Gawa vidogo zaidi,” mama akasema.

Wekundu ukazidi.

“Tena.”

Ukazidi.

“Chuma kilekile, mzigo uleule. Mbona kinazidi kuumia?”

Tshiamo akaikuza ile kona kwenye skrini. “Sina hakika, Prof. Labda kona nimeichora kali kuliko ilivyo, na kwenye ncha kali hesabu hupanda bila kikomo kila ukigawa.”

Biskuti ikakatika, ikazama kwenye chai. Mama akainua macho, akamtazama usoni.

“Jumatatu uje kazini na miwani ya kukinga macho. Tutakivunja chuma chenyewe, tuone.”