Rupia Niliyoisugua kwa Majivu

Nakumbuka asubuhi ile, mwanangu, niliyosugua rupia ya dhahabu ya baba mkwe wangu kwa majivu na mchanga, nikidhani namfurahisha.

Nilikuwa mke mgeni, sijamaliza hata miezi mitatu. Tulikuwa tumetoka Ilongero na kuhamia kijiji cha ujamaa, na kila nyumba ilikuwa ikimchunguza jirani yake mpya. Siku hizo bibi harusi alipimwa kwa sufuria zake. Ziking'aa kichanjani, watu walisema kalelewa. Zangu ziling'aa, na sitaki kukuficha, nilikuwa najisikia kidogo.

Basi nikawa nafungua mizigo. Ndani ya mfuko wa ngozi ya mbuzi nikakuta rupia tatu za dhahabu, kila moja ina tembo aliyeinua mkonga. Zilikuwa zimefubaa, nikamwonea mzee aibu. Nikachukua gunzi, nikaianza ya kwanza. Ilipong'aa nikaiweka juu ya sinia, aione akirudi kutoka shamba la kijiji.

Aliporudi nilipiga goti nikamwamkia. Aliiokota ile rupia, akapitisha kidole gumba juu ya tembo, akakaa chini.

"Binti, hii umeiosha na nini?"

"Na majivu, baba, na mchanga kidogo. Ilikuwa chafu."

"Haikuwa chafu. Ndivyo ilivyo."

Ndipo akanieleza. Rupia zile zilitengenezwa Tabora wakati wa vita vya Mjerumani, chache tu, kisha basi. Dhahabu yake ilitoka Sekenke, huku huku kwetu, na baba yake alikuwa mmoja wa waliochimba. Alikufa hajawahi kushika hata moja. Kwa hiyo mwanawe alizitafuta miaka na miaka, ya mwisho akaipata kwa kutoa fahali. Alipenda ule wekundu wake uliofifia, na mistari myembamba ya ngozi ya tembo. Mistari hiyo ndiyo niliyoimaliza na gunzi langu.

Nililia sana. Nilijua nitarudishwa kwetu, na mama yangu ataulizwa alinifundisha nini. Nikaanza kufunga khanga zangu. Mzee akaja mlangoni, akaniwekea ile rupia mkononi.

"Hii sasa ni yako," akasema. "Mimi mbili zinanitosha. Ulitaka kunifurahisha, ila hukuuliza. Siku nyingine uliza. Haya, kapike, nina njaa."

Hakumwambia mtu, hata mume wangu. Mpaka anaingia kaburini hakulitaja tena. Namshukuru mzee yule kila siku ninayoamka. Watoto wangu wote nimewazaa katika nyumba hii, kwa sababu siku ile aliamua kuwa na njaa badala ya hasira.

Wewe sasa unakwenda kwenye nyumba ya watu. Ukikuta kitu kimefubaa, uliza kwanza kabla hujakigusa, maana huenda kuna mtu anakipenda hivyo hivyo. Na siku wewe ukiwa mkubwa wa nyumba, akakukosea mtu aliyetaka kukufurahisha, mwambie ukweli, kisha mpe kazi ya kufanya asibaki na aibu yake peke yake.

Mungu akupe wakwe wa namna hiyo, mwanangu, na akujalie uzeeke humo. Rupia yenyewe ni hii, ichukue. Tembo wake haonekani vizuri tena, lakini ukipitisha kidole utamgusa. Usiisugue.