Mizizi Iliyoelekea Taa

Miaka thelathini na mmoja Soazig Kerbrat amekuwa akizalisha mwani katika maabara ya Porz Glas, pwani ya Bretani, na asije mtu kuniambia kuna profesa aliyemzidi. Maji yakipwa anavaa buti, anashuka miambani, anachuma mwani dume na mwani jike. Anaulaza kwenye friji, asubuhi anautia maji ya bahari, mayai na mbegu za kiume vinatoka. Yai likisharutubishwa halijui mbele wala nyuma. Taa ya pembeni ndiyo inayoliamulia: upande wa gizani unakuwa seli ya mzizi, upande wa mwanga unakuwa seli ya jani. Ikifika jioni limeshaamua, na hata uligeuze vipi, halibadili nia.

Ndiyo maana Jumanne ile alipochungulia kwenye hadubini alishtuka. Mizizi yote, mamia kwa mamia, imeelekea kwenye taa!

"Mungu wangu, nini tena hiki?"

Akafuta lenzi kwa pindo la koti, akachungulia upya. Yale yale. Taa iko kushoto, kama jana. Akaenda kunywa kahawa, akarudi, akajiona mjinga mbele ya vijidudu visivyo hata na macho.

Basi sahani ya kioo yenye mayai hayo imegeuzwa, na imegeuzwa jana jioni, mayai yakiwa yameshaamua. Kageuza nani? Daftari la kazi, ambamo Soazig huandika hata akipiga chafya, halina neno. Au kageuza yeye mwenyewe, akasahau? Mama yake, waliyemzika miaka tisa iliyopita, alianza hivi hivi: kwanza funguo, halafu majina, mwisho hakumjua hata mwanawe. Na chumba kile wanaingia wawili tu, yeye na Enora, binti mtafiti mwenye sahani hiyo. Soazig aliomba, kwa moyo wake wote, awe ni Enora.

"Enora, mwanangu, jana uligusa sahani? Sema tu, mimi sing'ati."

"Mimi? Hapana, Mama Soazig."

"Basi kaingia shetani kaigeuza!" Akacheka. Enora hakucheka, akavuta kiti, akakaa.

"Uligeuza wewe. Saa moja jioni, nikiwa hapa hapa. Ulisema na upande wa pili nao uote jua, kama maua ya dirishani kwako."

"Mimi niseme upuuzi huo? Mimi?"

"Nilidhani unatania. Wewe hutania kila siku."

Soazig akaitafuta jioni ile kichwani. Aliona mvua, aliona mkate na siagi ya chumvi, lakini hakujua kama ni ya jana au ya wiki iliyopita. Hasira ikampanda, kisha hofu, kisha hata hakuelewa anahisi nini.

"Halafu? Nikasema nini kingine?"

Enora akaisogeza sahani kando.

"Niambie, binti!"

"Ulichukua koti haraka haraka. Ukasema umechelewa, mama yako hajala."