Nyuklia Imefika Kimbiji

Wiki ile transfoma ya mtaa wetu ilikuwa imeungua, na friza ya mama imejaa samaki wa kuuza. Tuliifunika mablanketi, tukakatazana kuifungua. Ndipo wataalamu wakaja Kimbiji kutupa elimu ya umeme wa nyuklia. Sisi, ambao hata huu wa maji hutufikia ukipenda.

Mama hakutaka kuiacha friza, akanituma mimi.

"Waulize transfoma inakuja lini. Wana magari makubwa, watajua."

Kwetu, mkutano wenye wageni hauna maswali ya mtu mwenyewe. Mjumbe wa mtaa huyagawa mapema kama pilau ya shughuli, na huwapa wapole, maana hawana ubishi. Alinikamata kabla sijafika kwenye turubai.

"Binti, wewe utauliza vijana tutanufaikaje. Uliza, piga makofi, kaa."

Spika ziliunguruma kwa jenereta waliyokuja nayo. Mtaalamu, bwana aliyevaa suti kwenye jua lile, alisema urani tunayo wenyewe kule kusini, na kipande kidogo tu kinashinda malori ya makaa ya mawe. Nchi haiwezi kubaki nyuma, alisema. Wazee wakaitikia kwa vichwa, huku wakijipepea kwa vipeperushi vyake na kuyaangalia makreti ya soda.

Zamu yangu ilipofika nilisimama.

"Shikamooni. Transfoma yetu inakuja lini? Na kama hamjui, mnaweza kutuachia hiyo jenereta mpaka kesho? Samaki wa mama wanaharibika."

Watu wakacheka. Mama mmoja akasema nyuma yangu, "Mwacheni, baba nyuklia amjibu."

"Swali zuri," mtaalamu akasema, "ila leo tunazungumzia sera ya miaka mingi ijayo."

Mjumbe akachukua maiki. "Mheshimiwa, binti alikusudia kuuliza vijana watanufaikaje."

Mtaalamu akalijibu hilo, kwa kirefu na kwa furaha. Makofi yakapigwa, soda zikanyweka, jenereta ikapakiwa kwenye gari ikaenda zake mjini.

Mama alinisubiri mlangoni. "Wamesemaje?"

"Transfoma hawaijui. Wanajua urani."

Aliondoa mablanketi, akafungua friza, akanusa. "Lete kisu na chumvi."

Tukakaa uani tukiwapasua samaki wale, changu watupu, kuwafanya ng'onda wa kuanika juani. Wale wa juu kwenye friza, waliokwisha kulegea, tuliwarushia bata.